Nguo Niliyoiongeza Kila Pasaka

Siku mjukuu wangu alipobatizwa nilimpiga kofi mama mkwe wa binti yangu mlangoni mwa kanisa, na maji ya baraka yalikuwa hayajakauka kichwani mwa mtoto. Sitasema shetani alinisukuma. Mkono wangu ni mwepesi tangu utotoni, na yule mama aliutafuta.

Yeye ni Mprotestanti wa wale wanaosali Jumamosi na kubatiza watu wazima ziwani. Kwao mtoto mchanga huombewa tu, maji yanamngoja apate akili. Mwanawe, mlimaji wa mpunga kule Luberizi, alipomuoa binti yangu alikubali watoto wabatizwe kwetu. Mama yake hakukubali. Siku ile alikuja hata hivyo, akasimama nje na mikono kifuani mpaka tulipotoka. Mtoto alikuwa na miezi minne. Alivaa nguo nyeupe niliyomshonea mimi mwenyewe: satini, lesi ya dantele shingoni, msalaba mdogo wa uzi wa dhahabu kifuani, na pindo refu lililomfunika miguu na kushuka hadi magotini mwa mama yake aliyembeba. Yule mama akaitazama juu hadi chini, akasema kwa sauti ya kusikiwa na watu wote:

"Munamuvalisha mutoto sawa sanamu. Akikufa mutamuweka mu dirisha ya kanisa?"

"Rudilia," nilimwambia.

Akarudilia. Tena akaukamata mkono wa nguo akauvuta, mshono wa begani ukaachia mbele ya macho yangu. Ndipo nikampiga. Naye hakuchelewa kunilipa. Tukakamatana vilemba, tukaanguka kwenye changarawe, nikamng'ata kidole nikasikia chumvi ya damu yake mdomoni. Katekista na wanawake wa rozari walitutenganisha kama wanavyotenganisha mbuzi. Nilipoinuka, blauzi imechanika, nilimwona binti yangu amesimama pembeni. Alikuwa amemgeuza mtoto uso kifuani kwake na kumfunika macho kwa kiganja.

Jioni ile ile niliketi kwenye mashini nikalishona lile bega upya. Nililishona mara mbili, uzi juu ya uzi, huku nikimtukana yule mama kimoyomoyo kila sindano iliposhuka. Nilisema hakuna mkono wa mtu utakaoichana tena nguo hii. Niliyasema hayo kwa hasira, na kwa bahati mbaya mimi ni fundi mzuri.

Nashona nguo za watoto wa Kikatoliki hapa Rugenge, mtaa wetu wa kando ya ziwa, tangu binti yangu alipokuwa anatambaa. Watu wakisikia hivyo wanafikiri ni ubatizo tu, lakini kazi ni nyingi. Kuna vishati vya kikwembe, yaani kitenge, chenye picha ya Mama Maria, na hapo lazima ujue kukata, maana uso wa Mama Maria hauangukii matakoni wala pale mtoto anapotokwa na mate. Uso unakaa mgongoni, katikati ya mabega. Kuna mikanda ya buluu ya watoto wa kike waliowekwa chini ya ulinzi wake, na kuna kanzu ndogo nyekundu na kishati cheupe juu, za watoto wa miaka miwili ambao mama zao wanataka wafanane na wahudumu wa altare siku ya Noeli. Watoto hao hujikojolea humo kabla ya Injili kusomwa. Nimewazoea.

Nguo nyeupe ya ubatizo ni kitu kingine. Katika ukoo wetu, na kwa akina mama wengi niliowashonea, haifungwi kwenye sanduku ikasahauliwa. Bibi ndiye anayeitunza. Mtoto akishikwa na homa kali, inatolewa na kutandikwa juu yake. Kila Pasaka inafumuliwa na kuongezwa, kwa sababu fundi mwenye akili aliacha akiba ya kitambaa ndani ya mishono, ili imtoshe mtoto mwaka wowote mpaka komunyo ya kwanza. Na mtoto akifa kabla ya hapo, anazikwa nayo. Hii ya mwisho haisemwi, lakini kila mama anayeniambia "uache nafasi, mama" anaijua.

Mimi naijua zaidi. Nilikuwa na mtoto wa kiume, anayemfuata binti yangu. Alikuwa na miaka mitatu tulipokimbilia Burundi katika mojawapo ya vile vita vya zamani, na nguo yake niliiacha nyumbani, ikining'inia kwenye msumari. Niliiona nikitoka. Nikasema tutarudi baada ya siku mbili. Kambini kuhara kulimmaliza kati ya Jumatatu na Jumatano, na tulimzika ndani ya kipande cha plastiki ya hema, kwa kuwa hakukuwa na kingine. Plastiki ile ilikuwa inapiga kelele tulipokuwa tunaikunja, na ile kelele haijatoka masikioni mwangu. Nilimwapia Mungu, na Mungu nilimsemesha vibaya siku ile, kwamba hakuna mtoto mwingine wa damu yangu atakayeingia udongoni bila nguo yake.

Kwa hiyo vita vilipotukuta tena, mjukuu wangu akiwa na miaka miwili na nusu, mimi nilikuwa nimejiandaa. Nguo ilikuwa imeongezwa Pasaka iliyopita, imefuliwa, imekunjwa chini ya mto wangu.

Mabomu yalianza alfajiri upande wa uwanda. Kulipokucha vizuri yalikuwa yanaangukia mji. Moja liliangukia nyumba ya tatu kutoka kwetu, na bati la jirani likaruka likakata mgomba wetu katikati. Binti yangu alikuwa amekuja kulala kwangu na mtoto, kwa sababu mume wake alikuwa Luberizi kwenye mavuno na njia ilikuwa imefungwa. Alifunga unga, sufuria na blanketi. Mimi nilikuwa namvua mtoto fulana yake ili nimvalishe ile nguo nyeupe.

Aliniona akaacha kufunga.

"Mama, hapana. Ile nguo iko ya kumuzika."

"Iko ya kumulinda."

"Unaita kifo. Mutoto wangu iko muzima. Umuvalishe kishati yake."

"Na akikufa mu njia? Utamufunga mu plastiki sawa mudogo wako?"

Akasema neno ambalo hakuwahi kuniambia. Alisema yule mdogo wake nilimuua mimi kwa kuchelewa kumpeleka kwa waganga, si ukosefu wa nguo, na kwamba nimeshona vitambaa miaka yote ili nisikumbuke hilo. Nikampiga kofi. Mbele ya mtoto, bomu likilia, nilimpiga binti yangu mwenye umri wa miaka ishirini na saba. Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndivyo nilivyojiambia, kana kwamba bado ni mtoto wa kufundishwa. Hakulia. Alishika shavu, akanitazama, kisha akanigeuzia mgongo na kuinama ili nimpandishe mtoto. Nilikuwa nimeshinda.

Nilifunga vifungo vyote vinane vya nyuma. Vilikuwa vidogo, vya kupitishwa kwenye vitanzi vya uzi vilivyobana, ili mtoto asivichezee. Binti yangu alimfunga mtoto mgongoni kwa kikwembe, nami nikalivuta pindo nje lisikunjike. Tulikuwa tumegombana juu ya kifo na juu ya Mungu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria rangi.

Barabara ya lami ya kwenda mpaka wa Burundi ilikuwa imejaa watu na magari ya askari waliokuwa wanakimbia kwa kasi kuliko sisi. Wanaume wakasema barabara itapigwa, tupite chini, ziwani, kwenye matete. Tukashuka. Tulikuwa kama watu arobaini, mmoja nyuma ya mwingine, magodoro kichwani, mabeseni, kuku wamefungwa miguu. Tope lilifika kwenye vigimbi vya miguu. Mimi nilikuwa nyuma ya binti yangu, na kwa saa nzima nilichokiona mbele yangu ni pindo la satini likipepea juu ya makalio yake, na nilifurahi. Lazima niseme ukweli huo. Nilifurahi kwamba safari hii sikuiacha kwenye msumari.

Risasi zilitoka upande wa barabara. Waliopiga sijui walikuwa wa nani. Watu wameniuliza mara nyingi, na kila anayeuliza anataka nitaje upande wa adui wake. Niliona matete yakikatika, basi. Mzee aliyetutangulia na beseni alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, na hakuinuka tena. Wote tukajitupa kwenye tope.

Tope ni rangi moja. Ndani ya dakika moja magodoro, vikwembe, vichwa, vyote vilikuwa udongo mtupu. Binti yangu alikifungua kikwembe amlaze mtoto chini ya tumbo lake, na hapo ndipo nguo yote ilipotokea, kuanzia shingo hadi pindo, juani. Risasi ikapiga tope, urefu wa mkono mmoja kutoka kwetu. Ikaja nyingine, karibu zaidi. Mwanaume nyuma yangu akaguna, "Ile nyeupe. Toeni ile nyeupe."

Binti yangu alinigeukia. Shavu moja lilikuwa na tope, jingine ni lile nililolipiga.

"Mama, muvue. Batamuona."

Nilikamata vifungo. Nimefunga na kufungua vifungo vya namna ile maelfu ya mara, hata nikisinzia. Vidole vyangu vilikuwa na tope, na vitanzi vile vilikuwa vimebana. Kimoja kiliachia. Cha pili hakikuachia. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi kati yetu, kimya, amejifunika kichwa kwa mikono kama mama yake alivyomwambia. Binti yangu akanisukuma kando. Akashika begani, pale pale, akavuta kwa nguvu zake zote ili achane. Bega halikuchanika.

Akavuta tena. Halafu akapiga magoti, kwa kuwa mtu aliyelala hana nguvu ya kuvuta, akainua kifua juu ya matete, akaipitisha nguo yote kichwani kwa mtoto kwa nguvu, vifungo vikaruka na sikio la mtoto likakwaruzwa. Ikatoka. Aliishika mkononi. Risasi ilimpata chini ya kwapa, upande ule ule ulioinuka.

Alinilalia miguuni. Alijaribu kusema kitu, ikatoka damu, nyingi na yenye povu, ikaloanisha satini mpaka ikawa haionekani tena kati ya tope. Baada ya hapo hawakutupiga. Hawakuwa na kitu cha kulenga.

Nililala juu ya mjukuu wangu mpaka jua lilipopanda katikati. Nilisikia miguu ya binti yangu ikipigapiga kwenye maji kwa muda, kisha ikaacha. Sikusali. Nilikuwa nahesabu uzi: mara moja ungetosha, mara moja ungetosha.

Walipoondoka, wanaume watatu waliokuwa nasi walimchimbia pale palikoinuka mchanga, kwa jembe moja na kifuniko cha sufuria. Walitaka kumtoa ile nguo mkononi ili nimfunike nayo mtoto safarini, maana mtoto alikuwa uchi. Vidole havikufunguka. Nikawaambia waache. Kwa hiyo nguo iliingia udongoni kama nilivyoapa, na mtoto wa damu yangu alizikwa nayo. Mungu ana kumbukumbu nzuri kuliko nilivyopenda.

Nilimrudia mjukuu wangu. Bado alikuwa amelala kifudifudi, mikono kichwani.

"Imeisha," nilimwambia.

Ndipo akainuka.

Tulikaa Burundi miezi kadhaa, kisha tukarudi. Kwenye kizuizi cha kuingia mjini, kijana mwenye bunduki alikuwa ameufunga kwenye kitako cha bunduki yake mkanda wa buluu wa mtoto wa Mama Maria. Niliujua mshono wangu. Zamani ningemrukia hata kama ningekufa. Mkono wangu ulikaa ulipokuwa, nikampa karatasi zangu, nikapita. Nyumbani walikuwa wamebeba vitambaa vyote na vikwembe vyote. Mashini waliiangusha tu, chuma chake kizito.

Yule mama mkwe alikuja siku ya tatu. Mwanawe alikuwa amepona kule Luberizi, na alikuwa amekwisha kusimuliwa yote. Yeye mwenyewe hakuweza kuniangalia, akamtuma mama yake. Nilimwona akiingia uani na kile kidole chenye kovu la meno yangu. Niliinuka nikaweka mikono nyuma. Nilitaka anipige. Nilikuwa namngoja.

Alimchukua mtoto, akamwosha kwenye beseni, akamfuta. Alipomaliza akanigeukia.

"Ile siku pa kanisa," alisema, "ungeniacha niipasue."

Nikamjibu, "Ndiyo."

Tangu siku hiyo hatujagombana. Padri aliponiungamisha aliniambia dhambi ni ya aliyefyatua. Naamini. Lakini aliyefyatua hakushona lile bega mara mbili, na hakumpiga binti yangu kofi ili ashinde neno.

Nilirudi kazini, sina kazi nyingine ninayoijua. Watoto wanazaliwa hata wakati huu, na akina mama wanataka wabatizwe upesi kuliko zamani. Ila mjukuu wangu, ambaye sasa ana miaka mitatu na zaidi kidogo, akiona kitambaa cheupe kwenye mashini analala chini kifudifudi na kujifunika kichwa. Haogopi kelele, hata pikipiki zikipasua moshi mlangoni. Ni nyeupe. Analala na kungoja mpaka niseme imeisha. Basi tulipanga na yule mama: nyeupe nashona Jumamosi, na Jumamosi mtoto anashinda kwake.

Jumamosi moja mvua iliharibu ibada ya kwao, akamrudisha mapema. Sikuwasikia wakiingia. Nilikuwa na mama mdogo wa miaka kama ishirini, amekuja kumjaribishia binti yake wa miezi mitano nguo ya ubatizo wa kesho yake. Nguo ilikuwa imekaa vizuri. Mama yake alikuwa amemnyanyua kwenye mwanga wa mlango ili aione, na anacheka kwa furaha.

Mjukuu wangu alisimama kizingitini. Nilingoja alale chini. Hakulala. Alikuja mbio mpaka kwa yule mama, akalishika pindo la nguo kwa mikono miwili na kuvuta.

"Ee, huyu iko na wivu," mama yule alisema, bado anacheka. "Anataka yake."

Mtoto hakumwangalia. Aliniangalia mimi, ananiita tate kama wajukuu wote wa hapa kwetu.

"Tate, muvue," alisema. "Batamuona."

Yule mama aliacha kucheka, akaniuliza nani atamwona. Nyuma yake mlangoni, mama mkwe wa binti yangu alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono wenye kile kidole cha kovu.

Nilimpokea mtoto wa watu mikononi. Tangu niliporudi natumia vifungo viwili tu, vikubwa, vya kuachia kwa kidole kimoja, na begani napitisha uzi mara moja. Nilimvua. Niliikunja nguo nikaikalia, isionekane hata kipande. Nikamwambia mjukuu wangu kwamba imeisha, lakini safari hii hakuniamini, akaendelea kusimama kati ya mtoto yule na mlango.